Pua ya Bomba

Jumanne, 24 Machi

Leo Bwana Ismael ameleta tangi la kioo juu ya mkokoteni, limefungwa mablanketi kama mgonjwa. Amelitoa kwenye hoteli moja iliyofungwa hapa Kilwa Masoko. Amelisimamisha katikati ya chumba cha abiria, akarudi nyuma kulitazama.

"Abiria wangu wa Songo Songo wakisubiri boti, wasubiri wakiangalia samaki. Nani mwingine Kilwa nzima anacho hiki?"

Nilikuwa nyuma ya meza ya tiketi. Nilijua kabla hajageuka kwamba atanigeukia mimi.

"Tekla, wewe si umesoma fizikia?"

"Mpaka kidato cha sita, bosi, lakini mambo ya..."

"Basi."

Hilo ndilo neno lake. Akishasikia nusu ya kwanza ya sentensi yako, nusu ya pili haihitaji.

Tangi halina tundu la kupunguzia maji. Fundi vioo ameitwa, akaligonga kwa ukucha, akasema, "Mkitaka vipande, nitoboe." Akaondoka. Kwa hiyo maji lazima yapande ukingo wa kioo na kuvuka kwa bomba, na bomba hilo nitalitengeneza mimi. Niliajiriwa kukata tiketi na kupokea mizigo. Wiki ya pili nikawa mpika chai. Sasa ni fundi bomba.

Sikukataa. Majaribio yangu ya kazi yanaisha mwisho wa Mei, na kila ninapokosea kitu Bwana Ismael humkumbuka mtoto wa dada yake, Iddi, ambaye "yupo yupo tu mjini." Mama kule Mitwero ameshawatangazia wenzake wa jumuiya kwamba binti yake ana kazi Kilwa. Sikumwambia habari ya majaribio.

Naandika humu kwa sababu mdomoni hayatoki. Bosi akiingia tu, mkono unanitetemeka hadi tarehe kwenye tiketi inapinda.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Boti haikutoka. Abiria wamelala juu ya mabegi yao, wakilizunguka tangi tupu.

Jumamosi, 28 Machi

Nimenunua mabomba meupe ya plastiki, viwiko, tii ya njia tatu, gundi, msasa. Muuza duka aliniuliza mume wangu anajenga wapi. Nikamwambia mume wangu anajenga baharini. Hakucheka. Ameniwekea na kifuniko cha bomba ambacho sikukiomba: "Chukua, dada, bomba haliishi bila kifuniko." Nimekitupa kwenye kopo la kalamu.

Jumatatu, 30 Machi

Siku nzima msumeno na msasa. Bwana Ismael yuko Lindi kwa shughuli zake mpaka baada ya Pasaka, kwa hiyo mkono haukutetemeka, na vipande vimeingiana vizuri.

Mzee Likwata, mlinzi wetu, alinishikia bomba wakati napaka gundi. Anatoka Kipatimu. Analinda usiku barazani, lakini asubuhi haendi kulala mpaka aone boti imeondoka, kana kwamba yeye ndiye anayeisukuma.

"Mjukuu, hili dude linafanyaje kazi?"

Nikamweleza, na kumweleza kulinisaidia na mimi. Tangi liko juu ya meza, chini ya meza kuna beseni kubwa. Pampu iliyo kwenye beseni inasukuma maji juu. Yakizidi juu, bomba langu linayachukua: linaanza ndani ya tangi, linavuka ukingo, linashuka nje, linapinda na kupanda tena kidogo, ndipo linafika kwenye tii. Upande mmoja wa tii unashuka kwenye beseni. Upande wa juu unaachwa wazi.

"Wazi kwa nini?"

"Hiyo ni pua yake, babu. Likipumua, linachukua maji yaliyozidi tu. Likizibwa, linavuta kwa pupa hadi mdomo wake ulio ndani ya tangi unafyonza hewa. Mvuto ukikatika hapo, maji hayavuki tena, na pampu inaendelea kumwaga. Yote yanaishia sakafuni."

"Kumbe kama mimi nikishikwa na mafua," alisema. "Nikizibwa pua, nyumba nzima haina amani."

Ili maji yaanze kuvuka ilibidi ninyonye hewa ya juu ya bomba kwa mpira mwembamba, kama wanyonya dizeli. Nilipata funda zima la maji ya bahari. Abiria walishangilia. Kijana mmoja akauliza kama nitakunywa na chapati.

Jumatano, 1 Aprili

Linafanya kazi. Umeme ulikatika mchana, pampu ikazima, maji ndani ya bomba yakabaki palepale, na umeme uliporudi mvuto ukaendelea wenyewe bila mtu kugusa. Niliruka. Mzee Likwata naye aliruka, kwa kiasi chake.

Wavuvi wameleta samaki wadogo wa miambani, wa njano wenye mistari. Bi Somoe, mfanyabiashara wa Songo Songo anayevuka kila wiki, alikaa mbele ya kioo mpaka akaachwa na boti. "Huyu mmoja ana uso wa shemeji yangu," alisema. "Hata kutafuna anatafuna kama yeye."

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Sakafu kavu tangu siku ya kwanza. Nimepiga picha nikamtumia mama.

Jumanne, 7 Aprili

Bosi amerudi. Alizunguka tangi akiwa ameweka mikono nyuma. Nilitaka kumweleza kama nilivyomweleza Mzee Likwata. Nilikuwa nimejipanga tangu nyumbani.

"Bosi, hapa juu kwenye tii pana sehemu ambayo..."

"Linafanya kazi?"

"Ndiyo, lakini hapa..."

"Basi."

Alipoingia abiria wa kwanza, bosi alimwonyesha tangi akasema, "Nimejenga mwenyewe hapahapa. Mabomba ya kawaida tu." Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, na vidole vyangu bado vina gundi.

Kitu kidogo: nilitoka kupokea mzigo, niliporudi nikakuta kikombe changu cha chai kimefunikwa na kisahani. Ni yeye. Hufunika kila kitu, mtungi wa maji ya abiria, bakuli la sukari, hata glasi ya mgeni asiyemjua. Sijui mtu anawezaje kujali inzi kwenye chai yangu na asijali jina langu.

Jumatano, 8 Aprili

Maji. Nimefika asubuhi, bosi ameshafungua ofisi kama kawaida, amesimama mlangoni amekunja suruali. Tangi limefurika, beseni liko tupu, pampu inalia kavu.

"Hii ndiyo fizikia?" alinipokea hivyo, hata salamu hakujibu.

Niliangalia bomba. Juu kumejaa hewa, mvuto umekatika. Pua iko wazi. Basi hewa imeingia kwenye maungio, gundi haikushika. Nimepiga msasa upya, nimepaka upya, nimenyonya upya. Chumvi mdomoni mpaka jioni.

Alhamisi, 9 Aprili

Maji tena.

Ijumaa, 10 Aprili

Maji. Nilibadilisha viwiko vyote. Wakati natafuta kalamu niliona kile kifuniko hakimo kwenye kopo. Hata vitu visivyo na kazi vinaibwa hapa.

Jumamosi, 11 Aprili

Maji. Samaki wawili wamekufa sakafuni. Bosi aliwaokota kwa mkia akaniwekea juu ya kitabu cha tiketi.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua kubwa tangu usiku, na nilipoona maji barazani nilijidanganya kwamba ni ya mvua. Si ya mvua. Mizigo ya boti ya leo ilikuwa imepangwa sakafuni, na iliyo chini yote imelowa. Godoro la Bi Somoe ndilo lililokuwa chini kuliko yote. Ni la binti yake anayeolewa.

Bi Somoe alilibonyeza kwa kidole, maji yakatoka. Akakilamba.

"Ya chumvi!" Akageukia chumba kizima. "Jamani, mimi navuka bahari miaka yote, sijawahi kulowa. Leo bahari imenifuata ofisini!"

Watu walicheka. Bosi hakucheka. Aliita, "Likwata!" Hivyo hivyo, bila neno mzee mbele ya jina, mtu anayemzidi umri kama baba na mtoto.

"Nani anachezea swichi kuu usiku?"

"Swichi gani?"

"Iliyo hapo barazani, juu ya kiti chako. Unazima, unawasha, pampu inachanganyikiwa."

"Mimi nalinda mlango, Bwana Ismael. Maji yanatoka ndani. Ufunguo unao wewe."

Bosi akanigeukia. "Tekla, kazi yako uliimaliza vizuri au hukuimaliza?"

Niliona njia mbili tu. Kusema bomba langu ni bovu, na Iddi aje kukaa kwenye kiti hiki. Au kusema bomba ni zima.

"Niliimaliza vizuri, bosi."

"Basi ni huyu."

Nilijua kwamba swichi haiwezi kuleta balaa hili. Tulishuhudia umeme ukikatika na kurudi, mimi na mzee, tukaruka pamoja. Mzee Likwata alinitazama akingoja niseme. Nilikata tiketi.

Nina hasira na bosi, na nina hasira na maji. Na nitaliandika hili pia ingawa ni baya: jioni nilianza kumkasirikia hata Mzee Likwata, kwa sababu alinitazama.

Jumatano, 15 Aprili

Maji. Mizigo sasa inawekwa juu ya mabenchi na abiria wanasimama.

Jumamosi, 18 Aprili

Bosi alikwenda Lindi juzi. Siku zote mbili sakafu kavu kabisa. Msaidizi wake wa boti ndiye aliyefunga na kufungua.

Nimeanza kuwaza vibaya. Kwa nini nikiwa na amani bomba linakuwa na amani? Nimekwenda mbali hadi kujiuliza kama kweli Mzee Likwata anafanya makusudi bosi akiwepo, kumkomoa. Nimeandika wazo hilo nikiwa na aibu, lakini limekuja.

Jumatatu, 20 Aprili

Bosi karudi. Maji yamerudi. Na wazo lilelile nililolionea aibu amelitamka yeye kwa sauti mbele ya abiria: "Nikiwa sipo, hana wa kumkomoa. Mnaona?"

Jumatano, 22 Aprili

Mzee Likwata amefukuzwa.

Alikunja blanketi lake polepole, akachukua tochi yake, akaacha kiti kwa kuwa ni cha ofisi. Bosi alikuwa anaongea na simu makusudi. Mzee alisubiri simu iishe ili aage. Haikuisha. Ikabidi auage mgongo wa bosi.

Mimi nilimfuata hadi nje.

"Shikamoo, babu," nilisema, kwa kukosa lingine.

"Marahaba." Akatengeneza kofia. "Mjukuu, mimi sikugusa."

"Najua."

"Unajua?" Aliniangalia. "Basi hapo ndipo sikuelewi."

Nilipokuwa narudi mezani, abiria mmoja alitaka kujua saa ya boti. Nikamjibu kwa ukali ambao sijawahi kumjibu mtu.

Mvua imekata njia ya Kipatimu. Atakaa kwa mpwa wake karibu na soko mpaka ipitike.

Alhamisi, 23 Aprili

Maji!

Mzee Likwata hayupo, barazani hapakuwa na mtu, swichi imefungwa kwa kufuli jipya, na maji yapo. Nilisimama ndani ya maji nikacheka kwa sauti. Bosi akadhani nimepagawa.

"Kwa hiyo ni bomba lako," alisema. "Mwisho wa Mei tutaongea. Iddi alikuwa anaulizia."

Hakusema neno hata moja juu ya mzee. Hata "kumbe". Amemfuta mtu kazi jana, leo mtu huyo hana hatia, naye anatafuta ndala zake zisilowe.

Sijapata kumchukia mtu hivi. Nimeandika mstari huu mara mbili kwenye karatasi nyingine kuona kama ni kweli. Ni kweli.

Ijumaa, 24 Aprili

Kila jioni naondoka saa kumi na moja. Maji yanakuja kati ya saa hiyo na asubuhi. Kwa hiyo leo sikuondoka. Nilimwambia bosi mizigo haijaandikwa, nikakaa nyuma ya magunia nikiwa na kalamu isiyoandika kitu.

Alikuwa amevaa kanzu. Alifunga madirisha kwanza. Halafu akaenda kwenye mtungi, akaweka kifuniko na kikombe juu yake. "Bismillahi." Akafunika bakuli la sukari. "Bismillahi." Akafunika kikombe changu. Alifanya taratibu, kama mtu anayewafunika watoto shuka. Sura hiyo sijawahi kuiona mchana.

Kisha akaja kwenye tangi. Akatia mkono mfukoni, akatoa kitu cheupe. Kifuniko changu. Kile cha duka.

"Bismillahi." Akakibonyeza juu ya pua ya bomba mpaka kikakaza.

Sauti ya maji ilibadilika papo hapo. Ilikuwa mnong'ono, ikawa mfyonzo, kama mtu anayemalizia uji bakulini. Azana ikaanza. Hakusikia chochote isipokuwa azana.

"Bado upo?" alishtuka kuniona.

"Bosi, hicho unakifunika kwa nini?"

"Magharibi hii. Maji hayaachwi wazi magharibi. Marehemu mama alikuwa anafunika mpaka kisima." Akatabasamu. Akanitabasamia mimi! "Asubuhi nafungua mtungi na hiki pamoja. Nenda nyumbani, giza linaingia."

Yeye akatangulia kushika udhu nje. Nilichomoa waya wa pampu, nikatoka.

Njiani hasira ilinishinda hata miguu. Ningependa awe mwizi. Ningependa awe amefanya kwa ubaya, ningejua pa kuiweka. Amefanya kwa mapenzi ya mama yake, na kwa mkono uleule akamfukuza mzee wa watu.

Jumamosi, 25 Aprili

Nilifika kabla yake. Alipofungua mlango, sakafu ilikuwa kavu, beseni limejaa hadi ukingoni.

"Leo hakuna maji," alisema.

"Nilichomoa pampu. Usiondoe hicho kifuniko, bosi. Kaa hapa utazame."

"Tekla, nina abiria..."

"Basi," nilisema.

Sijui neno hilo lilinitokaje. Alikaa.

Nikanyonya mvuto, nikachomeka pampu, kifuniko kikiwa juu. Tulitazama. Bomba lilivuta kwa pupa, maji ya tangi yakashuka hadi mdomo wa bomba ukafyonza hewa, likakoroma, likanyamaza. Pampu ikaendelea. Maji yakapanda, yakafika ukingoni, yakamiminika miguuni mwake. Hakusogeza ndala.

"Pale juu ni pua," nilisema. "Nilianza kukwambia siku uliyorudi. Ukasema basi."

Abiria walikuwa wameanza kuingia. Bi Somoe alikuwa wa kwanza, na godoro lingine kichwani.

"Kumbe nini?" aliuliza. "Mmepata mchawi?"

Bosi alinyanyuka. Alinijia karibu, sauti chini. "Tuseme gundi ilikuwa mbovu. Likwata nitampigia simu. Wewe hutadhurika, na mambo ya Mei nitayamaliza leo hii."

Ilikuwa pale, kazi yangu, imewekwa mezani kama kikombe. Ningeipokea tu. Nikaiweka mikono yote miwili nyuma.

"Hatusemi gundi," nilisema.

"Binti..."

"Hatusemi gundi. Na Mzee Likwata hapigiwi simu. Yuko kwa mpwa wake karibu na soko, ni mwendo wa miguu." Sauti yangu ilipanda hadi nje, kila mtu akageuka. "Si gundi, Bi Somoe. Bosi analiziba bomba pua kila magharibi, halafu tunamfukuza mlinzi. Na mimi nilijua mlinzi hana kosa, nikanyamaza."

Bi Somoe alitua godoro, juu ya benchi, mbali na maji.

"Ismael, mwanangu," alisema. "Umemziba mtu pua, halafu umemfukuza jirani yake kwa kukoroma?"

Kicheko kilichofuata kilinifanya hata mimi nimwonee bosi huruma, kwa kitambo kifupi. Alitoka bila kufunika chochote.

Nilipasha msumari kwenye jiko la chai nikatoboa kifuniko, matundu mengi, nikakirudisha juu ya pua. Bomba likanong'ona.

Jumanne, 28 Aprili

Mzee Likwata amekuja. Bosi alikwenda mwenyewe, kwa miguu, nasikia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mzee alimwambia amelala.

Walisimama barazani. Bosi akasema, "Shikamoo, mzee wangu." Ni mara ya kwanza nimemsikia akimwamkia.

Mzee Likwata alikagua kiti chake kama kina kunguni. Akachungulia ndani. "Sakafu imekauka?"

"Imekauka."

"Marahaba," alisema, ikiwa imechelewa hivyo. Akakaa. "Nitalinda mpaka njia ya Kipatimu ipitike. Ikipitika, naenda kwangu."

Bosi akaanza kusihi. Mzee akasema, "Basi," kwa upole kabisa.

Kwangu alikuwa mgumu zaidi. Jioni nilimwomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, sentensi nzima. "Nimesikia, mjukuu," alisema. Hakusema amesamehe.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua zinapungua. Njia imepitika. Amepanda gari asubuhi, blanketi begani. Nilimbebea tochi hadi kituoni. Alinipungia mkono, si sana.

Nilikuwa na hasira njia nzima ya kurudi. Nilidhani ikishasemwa kweli, vitu vinarudi mahali pake.

Ijumaa, 29 Mei

Bosi ameniwekea barua mezani, akaifunika na kisahani. Nimethibitishwa kazini. Sikumshukuru na hakungoja nimshukuru.

Mlinzi mpya anaitwa Fakihi, mtu wa maswali. Jioni alisimama mbele ya tangi wakati bosi anafunika mitungi yake.

"Bosi, mbona hiki kifuniko kina matundu? Si kimeharibika hiki?"

Nilikuwa nakata tiketi ya mwisho, ya Bi Somoe, anayevuka kesho. Niliacha kalamu hewani. Hapakuwa na abiria mwingine. Angeweza kusema gundi, angeweza kusema ndivyo vinavyouzwa, na Fakihi angeamini.

Bosi aliweka mkono juu ya pua ya bomba, bila kubonyeza.

"Niliziba mimi," alisema. "Nikamfukuza mtu kwa ajili yake. Keti, nikueleze, na uniache nimalize."

Nikashusha kalamu nikaandika tarehe. Imenyooka.